Deni la Sukari Guru

Tembo alininyooshea mkonga, nami nikakimbia. Ilikuwa mwaka 2011, mbele ya hekalu moja mjini Kanchipuram, kusini mwa India, na mbio zangu ziliwachekesha wote waliokuwapo: wauza maua, watoto wa shule, hata muuguzi aliyetutoa matembezi, ambaye kwa wiki tatu sikuwa nimeona meno yake. Tembo mwenyewe alikuwa amechorwa chaki nyeupe na nyekundu kwenye paji la uso. Shingoni kavaa kengele. Pembeni yake kasimama mzee mwembamba mwenye kijiti, amechoka kama mlinzi wa zamu ya usiku. Ukitoa sarafu, tembo anaipokea kwa ncha ya mkonga, anamkabidhi mzee, kisha anakugusa utosini. Ndiyo baraka yenyewe.

Binti wa mdogo wangu, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye moyo wake ulikuwa umetoka kushonwa siku chache nyuma, alikwenda akaguswa utosini akarudi anatabasamu. Mimi mtu mzima nilikuwa nyuma ya mti.

Hawakujua ninakotoka. Nyumbani kwangu ni Shanwe, Mpanda, mkoa wa Katavi, na huku kwetu tembo hapewi sarafu. Hupigiwa madebe. Huchomewa pilipili ili moshi umwashe. Akiingia shambani usiku, asubuhi unakuta mabua yamelala na nyayo za ukubwa wa ungo, na ukisikia kilio mtaa wa pili huulizi mara mbili. Hifadhi ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, nikiwa msichana, na tangu hapo nimesikia wageni wakisafiri kutoka mbali kuja kuwatazama. Mkulima wa huku hana haja ya kwenda kumtazama tembo. Tembo hujileta.

Lakini nilipotulia kivulini, kitu kimoja kilinijia ambacho niliwahi kukifundisha darasani bila kukiamini sana. Tembo kama huyu, mwenye mtu wake na kengele yake, alishawahi kufika kwetu kwa miguu.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na tatizo la wapagazi. Chama chake cha kimataifa kilitaka vituo toka pwani hadi Ziwa Tanganyika, na kila kitu kilibebwa kichwani, kwa kuwa mbung'o walimaliza ng'ombe, punda na farasi njiani. Akashauriwa tembo. Wa Afrika hakuna aliyekuwa amemfundisha kazi siku zile, basi wakanunuliwa wanne India, madume wawili na majike wawili, wakapakiwa melini Bombay pamoja na watunzaji wao wa Kihindi kumi na watatu. Mwezi Juni meli ikatia nanga ghuba ya Msasani, pale ambapo leo watu wa Dar es Salaam wanakula samaki. Tembo wakashushwa baharini kwa kamba, wakaogelea hadi ufukweni.

Katika simulizi nilizosoma, tembo wanatajwa kwa majina: Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Wale watunzaji wanatajwa kwa idadi.

Kiongozi wa msafara alikuwa Kapteni Frederick Carter. Waliondoka pwani mwezi Julai. Wa kwanza alikufa Mpwapwa. Mwingine akafuata. Mbung'o waliwauma wote, na jambo la ajabu ni kwamba mbung'o hawakuwa ndio waliowaua. Mizigo mizito na malisho haba ndiyo yaliyowamaliza. Desemba wakafika Karema, kwenye ziwa, ambako Kapteni Cambier alikuwa ameanza kujenga boma tangu Agosti. Katika wanne, aliyedumu hapo alikuwa Pulmalla peke yake, naye hakuishi sana. Mwezi Juni 1880 Carter na mwenzake Cadenhead, wakiwa njiani kurudi pwani, waliuawa Mpimbwe katika vita vya watawala Mirambo na Simba. Habari ya tembo wa kazi ikaishia hapo. Karema na Mpimbwe zote leo zimo mkoani Katavi. Ukiwa Shanwe unaweza kupata gari la kwenda huko asubuhi na kufika jua halijazama, mvua ikiwa haijaharibu barabara.

Huwa nawafikiria wale kumi na watatu. Mtu ametoka India na tembo anayemtunza, anavuka bahari, anatembea miezi mitano, anafika kwenye msitu wetu wa miombo ambako tembo wa porini wanapita usiku. Anawasikia. Na yule wake anawasikia pia. Sijui Mzungu gani angeweza kumwambia jambo la kumtuliza.

Hawakuwa Wahindi wa kwanza kuzijua sehemu hizi za bara. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, mji huo ulikuwa tayari makao ya mfanyabiashara wa Kihindi, mzaliwa wa Surat, ambaye watu wa huko walimwita Musa Mzuri. Alikuwa na nyumba, watumwa, ng'ombe na meno ya tembo, na wasafiri wa Kizungu ambao vitabu vinawaita wagunduzi walilala kwake wakala chakula chake. Nilipokuwa nikifundisha historia darasa la sita nilipenda kuwauliza watoto: aliyegundua ni nani, mgeni au mwenye nyumba? Walijibu kwa kelele. Kisha nikawaambia wahesabu na wale watumwa ndani ya nyumba hiyo, na kelele zikapungua.

Wahindi wangu mimi, yaani wale niliowaona kwa macho, waliletwa na reli. Na reli ililetwa na risasi. Madini hayo yaligunduliwa Mpanda miaka ya 1930, na baada ya vita kuu ya pili serikali ya Mwingereza ikaona faida ya kutandika njia kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210, kwa ajili ya mgodi wa Uruwira. Treni ilianza kufika mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Treni ikabaki na mji ukabaki, na baba yangu akabaki kwenye gengi la reli, kazi yake kubadilisha mataruma na kukaza misumari, akipanda kiberenge alfajiri na kurudi jioni akinuka lami.

Ni baba aliyeniambia kwamba upana wa njia yetu, mita moja, ndio uliotandikwa pia sehemu nyingi za India. Aliyasikia kwa stesheni masta wa zamani, Mhindi, kabla ya uhuru. Siku zile reli ya Tanganyika ilijaa makarani na mafundi wa Kihindi, na kijana Mwafrika aliyetaka kupanda cheo aliangalia mgongo wa Mhindi mbele yake, na mbele ya mgongo huo mgongo wa Mzungu. Baba hakuwa na chuki nao, lakini hakuwa na mapenzi pia. Alisema: wananiita kwa jina la kazi, nami nawaita kwa jina la kazi.

Mwenye duka letu naye aliitwa kwa jina la kazi: Mzee Mizani. Duka lilikuwa Kashaulili, mwendo ambao mtoto wa kutumwa aliumaliza kwa nyimbo tatu kama hakukutana na mbwa. Tofali za udongo, bati juu, ubao wa mbele ulioliwa na viwiko vya wateja. Ndani harufu nne zilikupokea kwa zamu: mafuta ya taa, vitunguu, jora jipya la kitambaa, na udi uliokuwa ukifuka mbele ya kijipicha nyuma kabisa, ambako mkewe alikaa akisuka nywele za binti yao. Mizani yenyewe ilining'inia katikati, sahani mbili za shaba kwa minyororo. Upande mmoja vyuma, upande mmoja uhai wako.

Nasema uhai kwa sababu Wakonongo wa Inyonga na kwingineko walileta hapo nta. Asali ya huku ina sifa yake, lakini kwa mfanyabiashara nta ilikuwa haiozi na haimwagiki, ikipakiwa guniani inafika Tabora na pwani. Mrinaji amepanda miti, ameumwa, amekamua, ameyeyusha, amebeba siku mbili. Anaweka bonge lake sahanini na kutazama vidole vya Mzee Mizani. Wengi waliapa kwamba kidole gumba cha mzee kilikuwa na uzito wake. Mimi nilikitazama kidole hicho miaka mingi na sikuwahi kukikamata. Ila najua kwamba mrinaji aliondoka na doti ya kanga na chumvi, na wala hakuwa na mahali pengine pa kuuliza bei. Hilo halihitaji kidole.

Mama alinituma sukari guru. Ilikuja kwa mabonge yaliyofungwa majani makavu, rangi ya udongo wa kichuguu, na nikirudi nilikuwa nimeilamba kona zote nne. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi wa Kiswahili alituandikia ubaoni maneno ya mkopo, na pale nikakutana na duka zima la Mzee Mizani. Guru, akasema, ni neno la Kihindi la bonge hilohilo la sukari. Pesa, paisa yao. Gunia, lao. Doti, lao. Gari, chapati, dobi, bima, hundi, hayo yote yalivuka bahari. Na laki. Nikaandika haraka huku nikiwaza kwamba mama hukopa sukari, na Kiswahili kimekopa jina lake.

Hili la laki lina kisa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, benki na mashirika makubwa yalitaifishwa, na sisi watoto tuliimba. Mwezi Aprili 1971 ikaja sheria ya majengo: nyumba iliyopangishwa yenye thamani inayozidi shilingi laki moja iwe mali ya serikali. Waliopoteza zaidi walikuwa Waasia wa mijini. Kwa hiyo kipimo cha kuwanyang'anya majengo kilikuwa neno walilotuletea wenyewe. Mkufunzi wetu alilitamka kwa sauti ileile aliyotumia kusomea mahudhurio, na sisi hatukucheka.

Duka la Mzee Mizani halikufika hata robo ya laki. Lakini mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku tisini za kuondoka, na redio ya Mzee Mizani, ambayo zamani ilipiga nyimbo za filamu, ikawa inasema habari tupu. Mtoto wake wa kwanza akaenda Kanada. Binti aliyesukwa nywele akapelekwa Tabora kwa shangazi. Watu wakasema Wahindi wanakimbia na fedha. Labda wa Dar es Salaam. Huyu wetu nilimwona akihesabu sarafu za senti tano.

Halafu mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ushirika na ya vijiji yachukue nafasi. Mimi nilikuwa nimeanza kazi mwaka huohuo, nikaliunga mkono jambo hilo kwa kifua, kwani nilivikumbuka vidole juu ya nta. Mzee Mizani na mkewe walipanda treni ya Tabora na masanduku mawili ya bati. Baba alikuwepo stesheni kikazi. Alisema mzee aliuliza behewa lipi lina kivuli, basi, hakusema zaidi.

Mama alihuzunika kwa jambo jingine. Alikuwa anadaiwa. Kilo mbili za sukari guru na chupa kadhaa za mafuta ya taa, jumla shilingi 11 na senti 50. Nakumbuka kwa sababu alilitaja deni hilo hadi nikalishika kama sala. Mzee Mizani aliandika madeni yote katika daftari refu lenye jalada jekundu, kwa herufi za kwao ambazo mji mzima hapakuwa na wa kuzisoma. Alipoandika, mteja alimtazama tu mkono, akaamini. Sasa daftari limeondoka na treni. Mama alifunga pesa kwenye pindo la kanga, akaenda duka la ushirika, akataka kulipa. Vijana wa pale wakamcheka: mama, tunadai vipi deni lisilo letu? Nyunyiza maji, lala. Hakulala. Na duka lenyewe baada ya miezi michache lilikuwa na majembe tu, na viberiti kwa zamu.

Mwaka uleule wa 1976, kiwanda cha treni cha Varanasi kiliuza vichwa vyake vya kwanza nje ya India. Mnunuzi alikuwa Tanzania. Varanasi ndio mji wa kale kando ya mto Ganga ambako Wahindu hupeleka majivu ya wafu wao. Baba, asiyejua majivu wala Ganga, alilisoma jina hilo kwenye kibati cha dizeli akalipenda, akalitamka jioni nzima: Varanasi, Varanasi. Mwenye mizani ameondoka mwaka huo, mwenye injini ameingia mwaka huo. Baadaye reli yote ilikodishwa: mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya hisa, na mkataba ukavunjwa miaka michache tu baadaye.

Kwa treni hiyohiyo ndiyo nilimsafirisha mgonjwa wangu mwaka 2011. Mpanda, Katumba, daraja la mto Ugalla ambako wanakuuzia samaki wa kukaushwa dirishani, Kaliua, Tabora, Dar es Salaam, na huko ndege. Wakati ule wagonjwa wengi wa moyo walipelekwa India. Taasisi yetu ya moyo pale Muhimbili ilikuja kufunguliwa mwaka 2015.

Nilikwenda nikijua kwamba nitaielewa India. Nimekula chapati zake tangu nazaliwa! Siku ya pili Chennai nikatoka kutafuta sabuni, nikamwambia mtu: duka? Akanitazama. Dukan? Akatikisa kichwa ile namna yao ambayo si ndiyo wala siyo. Watu wa Chennai wanazungumza Kitamil, na kwao duka ni neno jingine kabisa, na gari neno jingine. Niliita bajaji, dereva akasogea, lakini nadhani alikuja kwa sababu ya mkono wangu. Wao husema oto, na zao ni za njano. Bajaj ni jina la ukoo. Jamnalal Bajaj alikuwa tajiri aliyemfuata Gandhi hadi akahesabiwa kama mwanawe, na sasa jina lake linapiga honi Shanwe likiwa na abiria wanne na gunia la mkaa. Nilijaribu kumweleza dereva haya kwa mikono. Akaongeza nauli.

Walionielewa walikuwa Mumbai, tuliporudi, tulipokaa usiku mmoja kusubiri ndege. Hapo wamejaa Wagujarati, jamaa za wale waliokuja kwetu kutoka Gujarat na Kutch. Nikasema duka, nikaonyeshwa. Nikasema gari, nikaonyeshwa. Nikasema pesa, nikaonyeshwa mkono mtupu uliofunguliwa. Na kwenye mtaa wa maduka ya nguo, usiku, taa zinawaka, niliinua macho nikaona vibao ambavyo nilivijua. Nisingeweza kuvisoma, lakini nilivijua. Herufi za Kihindi cha kawaida huning'inia kwenye mstari kama nguo zilizoanikwa kambani. Za Kigujarati hazina kamba; kila moja imesimama yenyewe, na mikia yake. Zilikuwa herufi za daftari jekundu.

Nikaingia. Mwenye duka alikuwa kijana, mizani yake ya umeme, namba zinawaka. Nilimwomba kwa Kiingereza aniandikie jina la mama. Alifikiri nataka lichapwe kwenye kitambaa, akataja bei. Nikasema hapana, karatasini. Akaandika nyuma ya risiti, na mkono wake ulikwenda vilevile, kutoka kushoto, ukivuta mikia chini, nami nikasimama namtazama mkono kama mteja anayekopa.

Ndipo nikakumbuka kwamba Mzee Mizani mwenyewe alizaliwa Tabora. India aliijua kwa kuhadithiwa. Katika wote waliowahi kuegemea ubao ule, aliyefika kwao nilikuwa mimi, mtoto wa kutumwa sukari.

Nilirudi Shanwe nikiwa na mgonjwa aliyepona, dawa za miezi sita, na ile risiti ndani ya Biblia isikunjike. Mama alikuwa amepita miaka sabini, macho yake mazuri bado. Nilimpa bila kumwambia ni nini. Akaisogeza dirishani, akaigeuza, akairudisha upande ule ule, akaitazama muda mrefu.

"Ndiyo maandishi yake haya," akasema. "Haya, mwalimu, soma. Nadaiwa ngapi?"